Mwalimu anajibu: Wageni waliokuja kumzika bibi yangu walijuana vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu mzaa mama amefariki huko Karagwe. Alikuwa mlokole wa zamani, wale wa "Tukutendereza". Msibani walifika wazee kutoka Mbarara, Ngara, Kigali na hata mmoja kutoka Kisumu. Hakuna yeyote katika familia aliyewafahamu, lakini wao waliingia jikoni kama kwao, wakamenya ndizi, wakalala chini pamoja na wafiwa, wakaimba mpaka alfajiri, na wote walimwita bibi "dada". Mimi naishi Leicester, Uingereza. Tuna kundi la WhatsApp la Wakristo tunaozungumza Kiswahili, watu zaidi ya mia mbili. Mwaka jana mwenzetu alilazwa hospitali wiki tatu, tukamtumia vikatuni vya mikono ya maombi, hakuna aliyekwenda kumwona. Wale wazee walijengaje urafiki wa namna ile bila simu? Sisi tunaweza? Wenzangu wanataka tusajili kikundi, tuwe na katiba, mwenyekiti na mweka hazina.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Poleni sana na msiba, Bwana awafariji.

Umeona wazee wametoka nchi nne, ukashangazwa na umbali. Umbali ulikuwa jambo la mwisho kuja. Yule mzee wa Kisumu huenda alionana na bibi yako mara chache tu maishani. Kilichowafanya ndugu ni kwamba kila mmoja wao, huko kwao, alikuwa na watu wake kumi au kumi na watano wa kila wiki, waliomjua mpaka aibu zake. Mtu aliyejulikana hivyo nyumbani aliaminika akiwa safarini. Ninyi mmeanza na watu mia mbili, na ndiyo maana mgonjwa wenu hakupata hata mmoja.

Hebu nikusimulie kwa kifupi ulikoanzia uamsho huo wa walokole, maana sidhani kama bibi alikusimulia yote. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa ametoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka mwili na roho. Akapanda kwenda Kampala kupumzika, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, mtu wa maombi. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika enzi ile, Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akimweleza mwenzake upungufu wake, halikuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Lakini mambo yenyewe yalichemka pale Gahini, na yalianza kwa ugomvi. Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali, alikuwa na manung'uniko mengi kuhusu kazi na watu wa kazi. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza jinsi hospitali ilivyoharibika. Nsibambi akamgeuzia swali: tatizo si hospitali, ni moyo wako. Kinuka alirudi akiwa mtu mwingine, akaanza kuungama hadharani mbele ya wale wale aliokuwa akigombana nao. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu hapo hapo Gahini, na wakashikana mikono. Desemba 1933 kukawa na mkutano ambamo watu walisimama mmoja baada ya mwingine kwa saa nyingi kueleza dhambi zao. Wizi wa vifaa vya hospitali ulitajwa, chuki zikatajwa, uongo kwa wakubwa ukatajwa. Mwaka 1935 wakaalikwa Kabale, Uganda, na tangu hapo mkutano mkuu wa Kabale umekuwa ukifanyika kila baada ya miaka kumi. Kigozi alifariki Januari 1936, kijana bado, lakini mwishoni mwa miaka ile ya 1930 moto ulikuwa umekwisha vuka mpaka kuingia Bugufi huko Ngara, Bukoba na Karagwe kwenu, na kufika Kabete na Maseno kule Kenya.

Sasa tuje kwenye mkutano wa kila wiki, maana urafiki ulitengenezwa hapo.

Nimekaa katika mikutano hiyo mara nyingi, upande wa Ziwa Viktoria na upande wa Kenya, na ukihudhuria mmoja umehudhuria yote. Watu wanaketi kwenye mabenchi na mikeka, sebuleni au nyuma ya kanisa. Wimbo unaanzishwa, kuna sala, kifungu cha Biblia kinasomwa, halafu kimya. Anayeguswa anasimama. Nitakupa mfano wa namna ya mambo yanayosemwa. Mzee mmoja anasema: juzi nilipeleka kahawa ya kwetu na ya kaka yangu kwenye mizani, nikamwambia kaka kilo ni pungufu ya zilizopimwa, ile ziada nikanunua bati. Anasema hivyo tu, bila kuzunguka. Hakuna anayeguna. Mtu anaanzisha "Tukutendereza Yesu", yaani twakusifu Yesu, wote wanaitikia kwa Kiganda hata kama hapo hakuna Mganda, na wanamkumbatia. Kisha, wimbo ukiisha, mama mmoja mtu mzima anauliza kwa upole: na kaka yako, umemwambia? Bati utamlipa lini?

Swali la mama yule ndilo linalosahaulika watu wanapozungumzia uamsho. Wanakumbuka machozi na nyimbo. Wanasahau kwamba ushirika, yaani hao ndugu wa kila wiki, ulifuatilia. Wiki inayofuata mzee yule ataulizwa tena. Kuungama bila kurudisha hakukukubalika, na miaka ile ya mwanzo watu walirudisha kweli: mablanketi ya hospitali, fedha za mwajiri, bidhaa za dukani. Wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa serikali walishangaa kuletewa vitu ambavyo hata hawakujua vimeibwa. Kifungu walichokipenda mno ni kile cha Waraka wa kwanza wa Yohana: "bali tukienda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Wao walikichukua kama kilivyo. Hakuna nuru, hakuna ushirika. Ukificha jambo, hata ukihudhuria kila Jumatano, ndugu watakuambia kwa huzuni kwamba umepoa.

Mkutano haukuishia kwenye dhambi. Baada ya shuhuda zilikuja habari: fulani anaumwa, ni zamu ya nani kumlimia, binti wa fulani amepasi, karo imepungua, kijana fulani anaomba ndugu wamwombee, amemwona dada mmoja wa ushirika wa ng'ambo ya mto na angependa kuoa. Ndoa nyingi zilipitia hapo. Wazee wa pande zote mbili walizungumza, mahari ikawa ndogo, arusi ikawa ya chai na nyimbo. Na nyumba zilizozaliwa hivyo zilikuwa na desturi zilizowachukiza majirani: mume na mke walikula meza moja, na mke alikula kuku na mayai, vitu ambavyo wanawake wengi wa upande wa ziwa walikuwa wamekatazwa tangu enzi za mababu. Mwanamke aliyekuwa hana ruhusa ya kusema mbele ya wanaume wa ukoo alisimama mkutanoni akasema, wanaume wakamsikiliza mpaka mwisho. Ukitaka kujua kwa nini bibi yako alishikilia ushirika ule maisha yake yote, mimi ningeanzia hapo kabla ya kutafuta sababu za kiteolojia.

Basi, kutoka kwenye vyumba hivyo vidogo, watu walisafiri. Wengine walisafirishwa na kazi: mwalimu alihamishwa, mhudumu wa hospitali akapangiwa kituo kipya, kibarua kutoka Rwanda au Burundi akaenda mashamba ya Uganda kutafuta fedha ya kodi. Popote alipofika alitafuta ushirika, na kama haupo aliuanzisha. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu mashuhuri wa Kigezi, katika miaka ya 1940 alikuwa mwalimu wa kawaida tu aliyehama na mkewe Mera kutoka Uganda kwenda kufundisha Dodoma. Alikaa huko miaka mingi, na watu wa Ugogo walimwona akiishi hata kabla hawajamsikia akihubiri.

Wengine walitumwa makusudi. Waliitwa timu. Wanaume na wanawake wachache, wa makabila mbalimbali, mara nyingine na Mzungu mmoja kati yao, walikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori, au kwa meli zilizozunguka ziwa kati ya Bukoba, Mwanza, Kisumu na Port Bell. Hawakulala hotelini. Walilala kwa ndugu, wakala kilichopo, na jioni wakakaa na wenyeji wao nuruni, yaani mgeni aliungama kwa mwenyeji na mwenyeji kwa mgeni. Huko nyuma ndugu walikuwa wameandika barua: dada fulani anakuja, tunamfahamu, mpokeeni. Kwenye stendi ya lori hakuhitaji kitambulisho. Alisikia mtu akiimba kiitikio, akaitikia, wakakumbatiana watu hawajapata kuonana. Ila usidanganyike ukadhani wimbo ulitosha. Usiku huo huo angeulizwa: uliokoka lini, unakaa na ndugu gani, fulani wa huko kwenu hajambo? Mtu wa uongo alijulikana kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo yule mzee wa Kisumu pengine alilala kwa bibi yako mara moja, miaka mingi iliyopita, akiwa njiani kwenda Kabale. Na usiku ule bibi alimwambia jambo ambalo watoto wake mwenyewe hawakuwahi kulisikia. Simjui, nakisia. Lakini nimeona hivyo mara nyingi mno.

Umeniuliza juu ya usajili. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi walokole walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kuomba na kuhubiriana, wakiwakemea hata walimu. Uongozi ukawakataza, wakakataa, na 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwamo. Kila mtu alitazamia wangeanzisha kanisa lao. Hawakufanya hivyo. Walibaki ndani ya kanisa lile lile lililowafukuza, wakihubiri bila cheo. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio ulioufanya ushirika uenee kiasi kile. Kwa kuwa haukuwa kanisa, haukuwa na sababu ya kugombana na kanisa lolote juu ya waumini. Mwanglikana alibaki Mwanglikana, Mlutheri wa Bukoba akabaki Mlutheri, Mpresbiteri wa Kikuyu vivyo hivyo, na Jumatano wote wakawa ndugu. Hakukuwa na kadi ya uanachama, ofisi wala jengo la kupigania. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Walutheri kule Bukoba na ambaye mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, alitokana na uamsho huu. Yohana Omari wa Tanganyika na Obadiah Kariuki wa Kenya walikuwa ndugu pia, na waliwekwa wakfu kuwa maaskofu siku moja pale Namirembe mwaka 1955. Vyeo walivipata kanisani. Ndani ya ushirika waliulizwa maswali sawa na ya mzee wa kahawa.

Urafiki huo ulipimwa na damu. Wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, ndugu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kuchanganya na nyingine. Wengi wao walikataa vile vile kubeba bunduki za ngati, walinzi wa upande wa serikali. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Februari 1977 Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huu huu. Kivengere alitafutwa, naye na Mera wakavuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Baadaye alisema na kuandika kwamba amemsamehe Amin, na watu wengi walimwona kama amechanganyikiwa.

Nikikomea hapo nitakuwa nimekupa hadithi tamu ya kumsifia bibi, na hiyo si kazi uliyonipa. Kuna mambo machungu.

La kwanza ni kwamba nuru ya mtu mmoja humulika na mwingine asiyetaka. Mwanaume akisimama akaungama kwamba alizini, mwanamke wa pili yuko kijijini, ana mume, ana watoto, na hakuombwa ruhusa. Machifu na wazee wa ukoo walilalamika sana juu ya hilo, na sioni kama walikuwa wanapinga Injili tu. Walikuwa na hoja. Vile vile walokole walikataa kushiriki matambiko ya msiba na pombe ya ukoo, wakawa karibu zaidi na ndugu wa mbali kuliko na shangazi zao. Yawezekana kabisa kwamba baadhi ya shangazi zako walikua wakimwonea kinyongo bibi kwa sababu hiyo. Urafiki wake na watu wa Mbarara ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama ililipwa na watu wa nyumbani.

La pili, ushirika usio na katiba nao hugawanyika. Kule Nyanza mvutano kati ya watu wa uamsho, na kati yao na uongozi wa kanisa, ulifika mahali ambapo Johera, watu wa upendo, walijitenga mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya kasisi Matthew Ajuoga na kuunda kanisa lao. Uganda walitokea waliojiita walioamka upya, wakiwaona wenzao wamelala, wakiweka masharti juu ya mikopo na mavazi. Kenya waliitwa watu wa kufufuka. Ndugu waliokumbatiana miaka ishirini waliacha kusalimiana. Watu wanaojuana kwa ndani hivyo, wakikosana, hukosana vibaya.

La tatu ni Rwanda, na hapa sina njia ya kulainisha. Nchi ilikozaliwa uamsho ndiyo iliyopata mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na makanisa yakawa machinjio. Tangu machafuko ya 1959 walikuwapo ndugu Wahutu waliowaficha ndugu Watutsi, na wakimbizi waliovuka kuja Karagwe, Ngara na Ankole walipokelewa na ushirika kabla ya mashirika yoyote kufika. Mwaka 1994 walikuwapo waliokufa kwa kukataa kuwatoa wenzao. Lakini walikuwapo pia walioimba Tukutendereza na kushika panga. Mimi nadhani udhaifu ulikuwa kwenye kile ambacho mkutano ulikiruhusu kisemwe. Mtu aliweza kuungama kwamba amemchukia jirani yake. Hakuna aliyeuliza juu ya kitambulisho cha kikoloni kilichoandikwa kabila, wala nani alipewa shule na nani alinyimwa, wala nini serikali ilikuwa ikipika. Hayo yaliitwa siasa, yakaachwa mlangoni. Dhambi ililetwa nuruni ikiwa ya mtu mmoja mmoja, ile ya wengi kwa pamoja ikabaki gizani.

Turudi Leicester. Kundi la watu mia mbili halitakuwa ushirika hata mkiliombea mwaka mzima. Liacheni libaki ubao wa matangazo, lina faida yake. Tafuteni nyumba. Watu wanaoishi mtaa mmoja au basi moja, wasiozidi kumi na wawili, wakutane nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, siku ile ile, bila kukosa. Najua utaniambia juu ya zamu. Wengi wenu mnafanya kazi hospitalini na katika nyumba za kulea wazee, mmoja anatoka zamu ya usiku mwingine anaingia. Wanafunzi wa Mukono walikutana saa kumi alfajiri. Kama kundi lenu linaweza kukaa pamoja saa mbili na nusu asubuhi, wengine wakitoka kazini na wengine wakienda, kaeni saa hiyo. Chai ya maziwa na mkate vinatosha. Mkianza kushindana kupika pilau, wenye vyumba vidogo wataona aibu kuwakaribisha, na kundi litahamia kwa wenye nafasi peke yao.

Mtakapoanza kuelezana mambo ya ndani, na mtaanza tu kama mnakutana kweli, shikeni kanuni ambayo wazee waliijua kwa kuumia: mtu aseme yake, asimtaje mwingine. Na yasemwe kwa mdomo. Jambo lililosemwa sebuleni huishia kwenye masikio ya watu kumi. Likiandikwa WhatsApp, au likirekodiwa kwa sauti, litafika Dar es Salaam kabla hamjasema amina, na litakuwapo miaka kumi baadaye mtu akitaka kulitumia. Nimeona ndoa ikivunjwa na ujumbe wa "naomba mniombee". Kuna na jambo jingine ambalo halipaswi kumalizwa kwa wimbo: mtu akieleza kwamba anapigwa nyumbani, au mtoto anadhuriwa, ushirika umsindikize kwa wanaohusika siku hiyo hiyo. Mikutano ya zamani ilikosea mara nyingi hapo, ikamrudisha mke kwa mume aliyeungama vizuri.

Kisha tembeleaneni. Wenzenu wapo Birmingham, Coventry, Manchester, na si Watanzania peke yao. Kuna Warundi, kuna Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi wenye Kiswahili chao na nyimbo zao, kuna Wakenya wanaoitana "wandugu" kwa mtindo ule ule wa ushirika. Watu wawili watatu wapande treni Jumamosi, walale kwa mtu, hata kama ni kwenye godoro sebuleni, warudi Jumapili jioni. Kulala kwa mtu ndiko kunakoleta mazungumzo ya saa tano usiku. Kongamano la ukumbini lenye mabango na spika hamtalikosa, kila mwaka yapo, na watu hurudi nyumbani wakiwa na picha nyingi na hakuna namba mpya waliyoipigia simu.

Na yule mwenzenu aliyelazwa wiki tatu, kama bado yupo mjini, usianze naye kwa kumwalika kwenye mkutano. Nenda na mmoja wenu, mkamwambie mlikosea kutokwenda. Msieleze sababu.

Kuhusu katiba na mweka hazina, wenzako hawajakosea kabisa. Ninyi mna jambo ambalo bibi yako hakuwa nalo: mtu akifariki Uingereza, kusafirisha mwili mpaka Kagera ni maelfu ya pauni, na fedha za namna hiyo zikipita mikononi bila hesabu huzaa ugomvi. Anzisheni chama cha kuzikana, kisajiliwe, kiwe na wasimamizi, akaunti ya benki yenye saini zaidi ya moja, na ripoti ya mwaka. Asiyesali nanyi naye aruhusiwe kujiunga, maana kifo hakichagui. Ila msikiunganishe na mkutano wa nyumbani. Mweka hazina wa chama asiwe kiongozi wa maombi, na asiyelipa mchango asione haya kuja kusali. Hesabu zisomwe siku yake, mahali pengine, na daftari liletwe na risiti zote.